Kengele ya Ngazini

Kila ngazi ilikuwa na mtu wake wa zamu. Alikaa mlangoni pa jengo, pale ujia mwembamba unapoingia kutoka barabarani, kengele mkononi, macho hayabanduki njiani. Wenzake waliendelea na kazi za siku: huyu jikoni anakanda mkate, yule uani kwenye banda la kufulia, mikono imezama povuni. Dalali wa mahakama akichomoza na karatasi yake ya amri, kengele inalia. Hapo kila mmoja anakiacha alichoshika, au anakuja nacho: mfuko wa unga, nguo mbichi zinazochuruzika maji, mfuniko wa sufuria. Mara nyingi dalali hakuiona hata ghorofa ya kwanza. Alirudi alikotoka, koti jeusi limekuwa jeupe, na karatasi yake mfukoni.

Huo ulikuwa mwaka 1915, mtaa wa Govan, jijini Glasgow, Uskoti. Nauandika mkasa huu kwa sababu mpangaji yeyote wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anayepelekwa mbele ya hakimu kwa ajili ya kodi anazungumza lugha ambayo kwa sehemu kubwa ilitungwa kwenye ngazi zile.

Govan ilikuwa mji wa peke yake ukingoni mwa mto Clyde hadi mwaka 1912, Glasgow ilipoumeza. Maisha yake yalikuwa meli. Viwanda vya Fairfield, Stephen na Harland & Wolff viliajiri wanaume kwa maelfu, na maelfu hao walilala na familia zao kwenye majengo ya mawe ya ghorofa tatu au nne yaliyobanana mtaa baada ya mtaa. Familia nyingi zilikuwa na chumba kimoja au viwili. Kitanda kilichimbiwa shimo ukutani na kufunikwa pazia, moto wa makaa ulikuwa jiko na ndio joto la nyumba nzima, na choo kilikuwa kwenye ngazi, kinatumiwa na milango kadhaa. Aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya vyumba vingi na choo kimoja uani anajua majirani wa namna hiyo wanavyojuana. Unajua nani anakohoa usiku. Unajua nani hajapika leo.

Mwenye nyumba hakuonekana. Kati yake na mpangaji alisimama wakala, ambaye alikusanya kodi, alichagua wa kumpangisha na wa kumnyima, na alifungua kesi. Kwa wapangaji wakala ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe. Zamani mkataba ulikuwa wa mwaka mzima, unaoanza na kuisha tarehe 28 Mei, na siku hiyo Glasgow nzima ilionekana barabarani na mikokoteni ya vyombo. Sheria ya mwaka 1911 ikaruhusu nyumba ndogo zipangishwe kwa mwezi. Wapangaji waliitaka sheria hiyo, maana mtu anayelipwa kwa wiki hawezi kujifunga kwa mwaka. Lakini mlango huohuo uliomruhusu mpangaji kuondoka upesi ulimruhusu na wakala kumwondoa upesi, na kumpandishia kodi mara nyingi zaidi.

Mbele ya hakimu, kesi ya kumtoa mpangaji ilikuwa fupi kupita kiasi. (Uskoti humwita hakimu huyo Sheriff, jina ambalo kwingine ni la askari.) Maswali yalikuwa mawili. Je, amelipa? Je, notisi imekwisha? Likikosekana jibu la kwanza au likipatikana la pili, amri inatoka. Hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba kwa nini anamtaka mtu huyu nje. Nyumba ni yake, kwa hiyo sababu ni yake, anaweza kukaa nayo kifuani. Na kama kuna deni, sheria ilimruhusu akamate vyombo vya ndani na kuvinadi.

Nikiwa na umri wa miaka tisa hivi niliona vyombo vya jirani yetu vikitolewa uani. Mvua ilikuwa inanyesha manyunyu. Nakumbuka sufuria ya maharage ilitolewa ikiwa bado ya moto, ikawekwa juu ya godoro lililokunjwa, na mvuke ukapanda pale kwenye mvua. Mama mwenye sufuria alisimama kando, amejifunga kanga mabegani, haangalii mtu. Nasi majirani tulisimama milangoni kwetu, kila mmoja kwenye kizingiti chake, kimya. Kimya kile ndicho kilichobaki nami kuliko kitu kingine chochote. Niliposoma habari za Govan kwa mara ya kwanza, jambo lililonishika ni kwamba majirani wa kule walivuka vizingiti vyao.

Vita vilianza Agosti 1914. Viwanda vya Clyde viligeuzwa kuwa vya manowari na mizinga, na watu wakamiminika kutoka kila upande kutafuta kazi. Nyumba mpya hazikujengwa, mafundi na mbao vilikwenda vitani. Vyumba vilivyokuwa vitupu vikajaa. Mwanzoni mwa 1915 mawakala wa Govan wakaanza kupeleka barua za kupandisha kodi, na kwa baadhi ya nyumba nyongeza ilifika robo nzima ya kodi ya awali. Barua hizo zilipokelewa na wanawake. Waume wengi walikuwa Ufaransa kwenye mahandaki, au kiwandani tangu alfajiri hadi usiku, na mwenye kupanga hesabu ya mkate, makaa na kodi alikuwa mke.

Tuwe wakweli kwa upande wa pili. Wenye nyumba wengi hawakuwa matajiri wakubwa. Walikuwa wenye maduka, wajane, mafundi waliostaafu, waliokopa ili wapate jengo moja. Riba ya mikopo ilikuwa imepanda, gharama za matengenezo pia. Walisema hayo mahakamani na kwenye magazeti, na hawakusema uongo. Lakini nyongeza ilipimwa kwa uhaba. Ilipandishwa kwa sababu mpangaji hana pa kwenda, na kila mtu kwenye ngazi alilijua hilo.

Mwanamke ambaye jina lake limeshikamana na mgomo huo ni Mary Barbour. Alizaliwa mwaka 1875 Kilbarchan, kijiji cha wafumaji, baba yake akiwa mfumaji wa mazulia. Aliolewa na fundi wa mitambo, wakahamia Govan, na huko akawa mwanachama wa kikundi cha akina mama wa ushirika wa Kinning Park. Nakitaja kikundi hicho kwa makusudi. Kwenye mikutano ya ushirika mwanamke alijifunza kuongoza kikao, kuandika kumbukumbu, kusimama na kusema mbele ya watu bila kutetemeka. Ilipofika siku ya haja, Barbour hakuanza sifuri. Pamoja naye walikuwapo Mary Laird, Agnes Dollan na Helen Crawfurd, mjane wa mchungaji, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kufungwa jela kwa kudai kura za wanawake. Chama chao cha nyumba kilikuwa kimeundwa mwaka 1914, kabla ya nyongeza hizi.

Walichokifanya kilikuwa cha akili sana. Kwa kawaida hawakukataa kodi. Walipeleka kodi ya zamani, kamili, kwa siku yake, na kuikataa nyongeza peke yake. Kwa hiyo wakala alipokwenda mahakamani hakuweza kumwita mtu huyu mkwepaji wa madeni bila kueleza deni limetoka wapi. Kila ngazi ilikuwa na kamati yake, na mikutano ilifanyika jikoni, uani, popote. Madirishani walibandika karatasi zilizochapwa zikitangaza kwamba nyumba hii imegoma dhidi ya nyongeza na wenyewe hawahami. Mtaa mzima ukawa na karatasi hizo, dirisha kwa dirisha, hata wakala aliyepita barabarani aliweza kuhesabu nguvu zao bila kumuuliza mtu.

Kuna kisa kimoja kilichobaki kwenye kumbukumbu za walioshiriki. Wakala mmoja aliwazungukia wanawake kwenye jengo lao, naye akamwambia kila mmoja kwamba wengine wote wameshalipa nyongeza. Mmoja baada ya mwingine wakalipa, kila mmoja akijiona amebaki peke yake. Barbour alipojua, aliwatoa wanaume kiwandani, wakaandamana naye hadi ofisi ya wakala, na akadai fedha zirudishwe. Zikarudishwa. Uongo ule mdogo ulikuwa ndio silaha yote ya mawakala tangu zamani: kumfanya mpangaji aamini kwamba kesi yake ni yake peke yake.

Mgomo ulienea kutoka Govan kwenda Partick, Parkhead, Shettleston. Huko Shettleston, katikati ya mwaka, ilitoka amri ya kuwatoa nyumbani familia ya mwanajeshi aliyejeruhiwa vitani kwa deni dogo. John Wheatley, diwani wa mtaa, alikusanya watu wakauziba mlango, na amri haikutekelezwa. Habari hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba mia. Serikali iliyowaambia wanaume waende kulinda nyumba zao ilikuwa inatuma madalali kwenye nyumba hizohizo. Oktoba wanawake na watoto waliandamana mjini, na watoto walibeba mabango yaliyosema kwamba baba zao wanapigana Ufaransa nao wanapigana hapa nyumbani. Serikali ikaunda tume ya watu wawili, Lord Hunter na Profesa W. R. Scott, ichunguze. Mawakala, badala ya kuisubiri, walizidisha kesi. Kufikia Novemba inakadiriwa wapangaji 20,000 walikuwa wamegoma.

Ndipo wakala mmoja wa Partick akapata wazo ambalo mwenyewe aliliona zuri. Njia ya kumtoa mtu nyumbani ilikuwa imekwama ngazini, kwenye unga na kengele. Basi asipite ngazini. Aliwashitaki wapangaji 18, wafanyakazi wa viwanda vya silaha, kwenye Mahakama ya Madai Madogo, kama wadaiwa wa kawaida. Akishinda, nyongeza ingekatwa moja kwa moja kwenye mishahara yao kiwandani. Hakuna mlango wa kuvunja wala wanawake wa kupambana nao. Karatasi ingetoka mahakamani hadi kwa mhasibu wa kiwanda, na Ijumaa bahasha ya mshahara ingekuwa pungufu.

Alikosea hapo. Hadi siku hiyo kodi ilikuwa vita ya nyumbani, na wanaume wengi waliiunga mkono kwa mbali. Aliposhika mshahara, aliipeleka kodi ndani ya lango la kiwanda, mahali ambapo wanaume walikuwa wamejipanga kwa miaka mingi.

Kesi ilipangwa Jumatano, tarehe 17 Novemba 1915. Asubuhi wanawake wa Govan walishuka kuelekea katikati ya jiji kwa ngoma, filimbi na vyombo vya jikoni. Wanaume walizima mashine na kuwafuata: wa Fairfield na Stephen, wa Dalmuir, wa Parkhead. Kwa sheria ya Julai mwaka huo, kugoma kwenye kiwanda cha silaha lilikuwa kosa. Walitoka hata hivyo, wengine bado na mafuta mikononi. Mitaa inayoizunguka mahakama ikajaa hadi haipitiki. Wapo wanaosema watu 10,000, wapo wanaosema 15,000. Hakukuwa na jukwaa, kwa hiyo watu waling'oa mbao ndefu za matangazo ya magazeti mbele ya maduka, wakaziweka mabegani, na wasemaji wakasimama juu yake, wakiyumba juu ya vichwa vya umati. Mmoja wao alikuwa John Maclean, mwalimu wa shule wa Govan ambaye wiki hiyohiyo alikuwa anafukuzwa kazi kwa siasa zake. Mwingine alikuwa Willie Gallacher, fundi wa shaba, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu za siku hiyo na kuwaita wanawake wale jeshi la Bi. Barbour.

Ndani alikaa Hakimu Lee. Hebu tumfikirie kwa haki. Mezani ana kesi 18 ndogo, kiasi cha fedha kidogo, na sheria iliyo wazi: kodi imepandishwa, haijalipwa, ni deni. Kwa siku ya kawaida zingeisha kabla ya chakula cha mchana. Dirishani kuna sauti kama ya bahari. Alikubali kuwapokea wajumbe wachache wa umati, wakamweleza kwamba akitoa hukumu dhidi ya hawa 18, viwanda vya Clyde havitawaka kesho. Masimulizi ya waliokuwapo yanasema simu ilipigwa London, kwa David Lloyd George, Waziri wa Silaha. Lililo hakika ni kwamba wakala alishinikizwa, na kabla watu hawajatawanyika kesi zote 18 zilikuwa zimeondolewa. Hakuna hukumu iliyoandikwa siku ile.

Haikuzidi wiki sita, Bunge la London likapitisha sheria. Desemba 1915 kodi za nyumba ndogo kote Uingereza ziligandishwa kwenye kiwango cha mwanzo wa Agosti 1914: nyumba za hadi pauni 35 kwa mwaka jijini London, pauni 30 Uskoti, na pauni 26 kwingineko. Riba za mikopo ya nyumba nazo ziligandishwa, jambo lililomwokoa mwenye jengo moja asibanwe katikati.

Watu wakiikumbuka sheria hiyo hukumbuka bei. Mimi naona kifungu kingine ndicho kilichobadilisha dunia ya mpangaji. Kilisema mpangaji anayelipa kodi yake na kutimiza masharti hatatolewa na mahakama, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa: kama anawaudhi majirani, kama anaiharibu nyumba, kama mwenye nyumba anaihitaji akae mwenyewe au amweke mfanyakazi wake. Kwa mara ya kwanza hakimu alilazimika kuuliza swali la tatu. Kwa nini unamtaka nje? Na mwenye nyumba alilazimika kulijibu hadharani, kwa kiapo, mbele ya yule anayemtoa.

Serikali ilikusudia sheria iishe miezi sita baada ya vita. Haikuweza kuifuta; kila ilipojaribu kuilegeza, kesi zilifurika. Clydebank, mji wa jirani, waligoma tena kuanzia mwaka 1920, na safari hii walikwenda na vitabu vya sheria. Walisema wenye nyumba walipandisha kodi bila kwanza kuuvunja mkataba wa zamani kwa notisi halali, kwa hiyo nyongeza zote ni batili. Hoja hiyo ilipanda ngazi kwa ngazi hadi kwa majaji wa Bunge la Mabwana, katika kesi ya Kerr dhidi ya Bryde, na Novemba 1922 mpangaji akashinda. Maelfu wakaanza kukata kwenye kodi zao kile walichokwishalipa kimakosa, hadi serikali ikatunga sheria nyingine mwaka 1923 ili kupunguza hasara ya wenye nyumba. Katika uchaguzi wa mwezi huohuo wa hukumu, chama cha Labour kilichukua viti 10 kati ya 15 vya Glasgow. Wheatley, yule wa mlango wa Shettleston, aliingia bungeni, na mwaka 1924 akiwa waziri alipitisha sheria ya kujenga nyumba za halmashauri kwa ruzuku.

Mtindo wa sheria ile ulisafiri na utawala wa Kiingereza hadi kwetu. Chukua Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inayodhibiti kodi za nyumba za kuishi, uisome ukiwa na Govan akilini. Glasgow waligandisha kodi kwenye Agosti 1914. Kenya kipimo ni kodi iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Kule kulikuwa na ukomo wa pauni 30; hapa ni nyumba zisizozidi Sh 2,500 kwa mwezi. Na sababu za kumtoa mtu zimeorodheshwa karibu vilevile: malimbikizo ya kodi, kero kwa majirani, mwenye nyumba kuihitaji mwenyewe. Baraza la kodi linapoketi na kumuuliza mwenye nyumba sababu, linauliza swali lililodaiwa kwa kengele.

Lakini ukomo wa Sh 2,500 uliwekwa miongo mingi iliyopita na haukusogezwa, na sasa chumba kimoja kwenye mitaa mingi ya Nairobi kimeuvuka. Mpangaji wa chumba hicho hana baraza la kumsikiliza, wala haulizwi mtu sababu kwa ajili yake. Tanzania ilikuwa na sheria yake ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984, na mwaka 2005 ikafutwa. Wako wenye nyumba ambao hata njia ya mahakamani hawaijui. Wanapanda juu na kung'oa mabati, au wanaondoa mlango na kwenda nao, na familia inalala wazi hadi ijue la kufanya. Mwaka 2020, wakati wa korona, picha za nyumba zilizoezuliwa Nairobi zilizagaa, na watu walikasirika siku mbili tatu. Nilipoziona nilikumbuka ile sufuria.

Maclean na Gallacher walifungwa mwaka 1916 kwa maneno na maandishi yao kuhusu vita. Barbour hakufungwa. Mwaka 1920 wapiga kura wa Govan walimchagua kuwa diwani, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia katika baraza la jiji, akadai mabafu, viwanja vya watoto kuchezea na maziwa ya bure shuleni. Mwaka 1926 alisaidia kufungua kliniki ya kwanza ya uzazi wa mpango Glasgow. Alifariki mwaka 1958, na ilipita miaka 60 kabla ya sanamu yake kusimamishwa Govan, tarehe 8 Machi 2018: mwanamke anayetembea mbele, na msururu wa watu nyuma yake.

Katikati ya miaka hiyo ya udiwani aliteuliwa kuwa mjumbe wa cheo cha juu katika baraza, mwanamke wa kwanza kukishika Glasgow. Cheo hicho kilikuwa na kazi ya mahakamani ndani yake. Kwa hiyo zilikuwapo asubuhi ambapo Mary Barbour alivaa, akavuka mto kwenda mjini, na kuketi kwenye kiti cha hakimu, watu wa mitaa kama ile yake wakiitwa mmoja mmoja kusimama mbele yake.